Jinsi ya Kuvua Samaki wa Mtoni na Kuwafuga Kwenye Tangi la Nyumbani

Samaki wa mtoni anayekufa baada ya kuvuliwa mara nyingi hauawi na wavu. Anafia kwenye ndoo iliyoachwa juani, kwenye mfuko uliojazwa maji mpaka juu bila nafasi ya hewa, au siku ya nne ndani ya tangi jipya ambalo maji yake yanang'aa huku yamejaa amonia. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia nyumbani, unapita mtoni, kisha unakaa sana kwenye safari ya kurudi na wiki za mwanzo. Anayetaka samaki wake wale, wapevuke na hata wazaane ndani ya nyumba afuate hatua hizi kwa mpangilio wake, asiruke ya pili akakimbilia ya tano.

Hatua ya 1: Mjue samaki unayemfuata

Usiende mtoni kuvua chochote kitakachoingia. Amua mapema unataka samaki gani, anakua mpaka ukubwa gani, anakula nini, anaishi peke yake au kwa kundi. Wanaofaa kwa tangi la kawaida ni wale ambao hata wakipevuka hawazidi sentimita 10 hivi, na wanaokula vitu vya aina nyingi. Mito ya Afrika ina Enteromius, wale wadogo ambao zamani waliwekwa pamoja na Barbus. Mito ya Asia ina danio na rasbora. Amerika Kusini ina tetra na Corydoras. Wengi wa hawa ni samaki wa kundi, kwa hiyo panga kuchukua sita au zaidi wa aina moja badala ya mmoja mmoja wa aina sita. Samaki wa kundi akiwekwa peke yake hujibanza pembeni, rangi hupauka, na kula hula kwa woga.

Watoto wa samaki wakubwa ndio wanaowaponza wengi. Kitoto cha kambare Clarias gariepinus chenye urefu wa kidole kinapendeza sana, lakini huyo ni samaki anayeweza kupita mita moja, anayemeza kila kinachoingia mdomoni mwake, na anayeweza kuvuta hewa ya nje na kutoka kwenye tangi lisilofunikwa. Mwache mtoni. Mwache pia kambare wa umeme wa jamii ya Malapterurus, ambaye akiwa mkubwa hutoa umeme wa volti zipatazo 350. Na samaki wenye mdomo uliochongoka kama mkonga wa tembo, wale wa jamii ya Mormyridae, wanavutia kuliko karibu wote, ila wanahitaji chakula hai, giza na maji yasiyobadilika ghafla. Simshauri mtu aanze nao.

Kuna kundi moja linalostahili neno la peke yake: Nothobranchius. Hawa hawakai kwenye mkondo wa mto wenyewe. Wanaishi kwenye madimbwi ya muda ya mabonde ya mito ya Afrika Mashariki na Kusini, madimbwi yanayojaa mvua zikinyesha na kukauka kabisa kiangazi. Mayai yao hulala kwenye tope kavu hadi mvua inayofuata, na samaki wenyewe huishi miezi michache tu. Madume wana rangi za kushangaza. Kwa kuwa dimbwi moja linaweza kubeba kizazi kilichojitenga na vingine vyote, wafugaji makini huandika mahali na mwaka wa kuvuliwa, na hawachanganyi samaki wa dimbwi moja na wa jingine hata kama wanaonekana sawa.

Ukishamjua samaki, ulizia sheria. Katika nchi nyingi samaki wa mapambo wana kibali chao, tofauti na leseni ya kuvua kitoweo, na kibali cha kuvua si kibali cha kusafirisha. Ndani ya hifadhi kuvua kwa kawaida ni marufuku kabisa. Samaki wengine wanalindwa kimataifa: Hypancistrus zebra, kambare mdogo mwenye milia myeusi na myeupe anayepatikana Mto Xingu nchini Brazili pekee, aliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, katika mkutano wa mwaka 2022. Pale ambapo mto unapita kwenye ardhi ya mtu au ya kijiji, ruhusa ya wenyeji ni sehemu ya kazi, na mara nyingi wao ndio watakaokuambia samaki unayemtaka amejificha wapi.

Hatua ya 2: Tangi litangulie samaki

Tangi linatakiwa kuwa limeiva kabla hujanunua hata wavu. Samaki hutoa amonia kwa kupumua na kwa kinyesi. Amonia ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye chujio na changarawe huibadili kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha wengine huibadili nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki wanaivumilia kwa kiasi na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Jaza tangi, washa chujio, tia chembe za chakula cha samaki au amonia safi isiyo na sabuni wala manukato, kisha pima kwa vifaa vya kupimia maji. Amonia itapanda, halafu nitriti itapanda, halafu zote zitashuka. Siku utakapotia amonia leo na kesho ukapima sifuri ya amonia na sifuri ya nitriti, tangi limeiva. Sponji iliyotoka kwenye chujio la tangi la zamani lenye samaki wazima hufupisha muda huu sana.

Unahitaji matangi mawili. La pili ni la karantini, yaani la kuwatenga samaki wapya mpaka ujue hawaumwi: lita 40 hadi 60 zinatosha, chini pawe tupu bila changarawe ili uone kinyesi na chakula kilichobaki, ndani kuwe na chujio la sponji, vipande vya bomba na majani ya plastiki ya kujifichia. Sponji ya chujio hilo iivishe kwanza ndani ya tangi kubwa.

Funika yote mawili. Samaki wa mtoni huruka, hasa usiku wa kwanza, na hupenya kwenye tundu la waya wa hita ambalo hukulidhania. Kama maji yako ni ya bomba, ondoa klorini kwa dawa yake kila unapoongeza maji.

Hatua ya 3: Vifaa

Wavu wa mkono wenye mdomo mpana na kitambaa laini kisicho na mafundo, matundu ya milimita 3 hadi 5, ndio utakaoutumia zaidi. Wa pili ni juya dogo la mita 3 au 4, lenye maboya juu na risasi chini, la kuvutwa na watu wawili. Mgono, yaani mtego wa kikapu, nao unafaa kwa samaki wa usiku na wanaojificha kwenye mawe. Kimia, ule wavu wa kurusha, kiache, kwa sababu kinawaangukia samaki kwa nguvu na kuwakwaruza magamba.

Hapa pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha: usitengeneze wavu kwa chandarua chenye dawa. Dawa hizo za kuua mbu, za kundi la pairethroidi, ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo sana, na maji ya ndoo ni machache. Unaweza kuvua samaki mzima wa afya na kumpa sumu kwa wavu wenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, asitumie mtu utupa, ile sumu ya mimea ya kuvulia samaki. Rotenoni iliyomo kwenye utupa huzuia mwili wa samaki kutumia oksijeni. Anayeibuka juu akiwa hai leo anaweza kufa wiki ijayo, na waliobaki mtoni wamekufa bure.

Vingine: ndoo mbili zenye vifuniko, ambazo hazijawahi kuwekwa sabuni, pampu ya hewa ya betri na jiwe lake, kipimajoto, vipimo vya pH (kiwango cha asidi ya maji) na ugumu wa maji (wingi wa madini yaliyomo), mifuko minene ya plastiki na mipira ya kufungia, sanduku la foamu lenye kifuniko, na kisanduku kidogo cha kioo au plastiki angavu cha kumtazamia samaki kwa ubavu. Hicho kisanduku watu hukiona cha ziada, lakini ndicho kitakachokuonyesha kidonda ambacho huwezi kukiona ukimtazama kwa juu.

Hatua ya 4: Mwili wako kwanza

Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na hapa usemi huo uuchukue neno kwa neno. Usiende peke yako. Ulizia mamba na viboko, na ukiambiwa wapo, tafuta kijito kingine. Usiingie usiku kwenye maji yenye mamba hata kama umesikia kwamba samaki waliolala hukamatika kirahisi kwa tochi. Mvua ikinyesha milimani, mto unaweza kujaa huku juu yako kukiwa na jua. Maji yakianza kubadilika rangi na kuleta takataka, toka.

Kichocho kinataka uangalifu wa aina yake, maana humwoni adui. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi, hasa mchana jua likiwa kali, kwenye maji yaliyotulia na yenye majani, yaani palepale samaki wadogo wanapopenda kukaa. Vaa gambuti ndefu, vua ukiwa ukingoni kadiri inavyowezekana, na jifute mara moja kwa taulo ukilowa. Ukishaingia maji ya namna hiyo, nenda ukapime baadaye hata kama hujisikii chochote. Dawa yake, prazikwanteli, inafanya kazi vizuri. Vimelea hivyo nje ya mwili wa mtu au konokono haviishi zaidi ya siku mbili hivi, kwa hiyo maji ya mto uliyorudi nayo kwenye ndoo usiyatie mkono mtupu kwa muda huo, na usibebe konokono hata mmoja.

Hatua ya 5: Soma maji kabla ya kuyatibua

Ukifika, usiingie. Kaa ukingoni angalau robo saa. Tazama samaki wako wapi: kwenye mkondo, nyuma ya mawe, chini ya majani yaliyoinamia maji, kwenye mizizi. Kisha pima na uandike joto, pH, ugumu, kasi ya maji na namna chini palivyo. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazokuambia namna ya kulipanga tangi. Samaki anayetoka kwenye mkondo wenye mawe atataka pampu yenye nguvu na maji yenye oksijeni nyingi. Anayetoka kwenye tope na majani yaliyooza atataka utulivu na mwanga hafifu. Tofauti kati ya mto na mto ni kubwa mno. Rio Negro huko Brazili, kwao tetra mwekundu na buluu Paracheirodon axelrodi, ina maji meusi ya rangi ya chai yenye pH ya 4 hadi 5 na karibu hayana madini kabisa. Samaki aliyezaliwa humo hawezi kutupwa kwenye maji magumu ya bomba na kutegemewa aishi.

Saa nzuri ni asubuhi, joto likiwa bado chini. Sababu yake ni oksijeni: maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama 7.5 tu, huku samaki kwenye joto akihitaji zaidi, si pungufu. Ukianza asubuhi unapata pia muda wa kuchagua bila haraka na kufika nyumbani kabla ya usiku. Kwa majira, mwisho wa masika maji yanapopungua samaki huwa wamejikusanya na wana nguvu. Kilele cha kiangazi wamejikusanya zaidi, lakini wamedhoofika, na wengi hubeba vimelea.

Hatua ya 6: Kuvua

Wavu wa mkono haufukuzi samaki. Uweke umetulia mahali ambapo samaki atakimbilia, kisha mwenzako amsogeze taratibu kwa mguu au kwa fimbo. Kwenye majani yaliyozama, ingiza wavu chini kabisa ya rundo, uinue wote na majani yake, halafu chambua ukiwa wavu bado umezama nusu. Kwenye mizizi ya ukingoni, tandaza wavu chini ya mizizi na uitikise kwa mkono wa pili ukiwa umevaa glavu.

Juya mnalivuta wawili kuelekea ukingoni, risasi zikikwaruza chini, maboya yakibaki juu. Mkikaribia nchi kavu, msilitoe majini. Likunje liwe bakuli ndani ya maji, kisha choteni samaki kwa kikombe au bakuli la plastiki pamoja na maji yake. Samaki mdogo anayelala juu ya wavu mkavu hupoteza ute unaomkinga, na mahali ulipobanduka ndipo ukungu utakapoota siku tatu baadaye. Ukilazimika kumshika, lowesha mkono kwanza.

Ngogo na ndugu zake wa jamii ya Synodontis wana miiba yenye meno, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na wakiogopa huikaza isilale. Akinasa kwenye wavu usimvute. Mweke ndani ya maji atulie. Mara nyingi atailegeza mwenyewe. Asipoilegeza, kata uzi wa wavu. Wavu unashonwa, ila mwiba uliong'olewa huacha jeraha ambalo mara nyingi humuua. Huyohuyo pia hutoboa mifuko, kwa hiyo msafirishe kwenye ndoo.

Hatua ya 7: Kuchagua, na kurudisha

Waweke samaki kwenye ndoo yenye maji ya mto na pampu ya hewa, kivulini, kisha mtazame kila mmoja kwenye kisanduku cha kioo. Matamvua yafunguke na kufungika kwa mwendo mmoja pande zote mbili. Mapezi yawe yamekunjuka. Yakibanwa mwilini, samaki huyo ameumia au anaumwa. Tafuta vidonda vyekundu, madoa meupe, vidoti vyeusi, tumbo lililobonyea, macho yenye ukungu. Mdudu mdogo bapa anayeteleza juu ya magamba ni chawa wa samaki, Argulus, na huyo anatosha kukufanya umrudishe samaki bila kujiuliza mara mbili.

Chukua wale wachanga walioanza kuonyesha rangi, si wale wakubwa kabisa. Mchanga hujifunza chakula kipya upesi na ana maisha marefu mbele yake. Jike lililojaa mayai libaki. Samaki mwenye kidevu kilichovimba huenda ana mayai au watoto mdomoni, kama wafanyavyo wengi wa jamii ya sato. Ukimsumbua atayatema yote, kwa hiyo mwachie papo hapo, taratibu, palepale ulipomtoa.

Idadi iamuliwe na tangi lako la karantini, si na bahati ya siku hiyo. Kwa lita 60, samaki wanane hadi kumi wa sentimita 3 au 4 wanatosha sana. Waliozidi warudi sasa hivi, kwenye mto uleule na sehemu ileile.

Hatua ya 8: Kuwapumzisha na kuwafunga

Wavuvi wa Rio Negro, wale wanaoitwa piabeiros katika mji wa Barcelos na vijiji vyake, huwachota tetra kwa nyavu za mkono kisha huwaweka kwenye vizimba ndani ya mto kabla ya safari. Naona huo ndio ufundi wao mkubwa, na unaweza kuuiga kwa udogo wake. Ukiweza kukaa na samaki siku moja karibu na mto, kwenye kizimba cha wavu au beseni lenye hewa, wasile chochote saa 24 kabla ya kusafiri. Wale walioumia ndani kwa ndani watajionyesha, na waliobaki watasafiri na tumbo tupu, hivyo hawatachafua maji ya mfuko.

Mfuko ujazwe maji theluthi moja na hewa theluthi mbili. Oksijeni samaki ataipata kutoka kwenye ile hewa. Maji mengi hayamsaidii. Kama una mtungi wa oksijeni, toa hewa ya kawaida na ujaze oksijeni. Usipulize kwa mdomo, maana unamtilia kaboni dayoksaidi. Tumia mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na uzifunge pembe za chini kwa mpira ili ziwe mviringo. Samaki wadogo hujibana kwenye pembe na kukosa hewa. Kwa safari fupi ya saa mbili au tatu, ndoo yenye kifuniko na pampu ya betri ni bora kuliko mfuko.

Panga mifuko ndani ya sanduku la foamu, ilale kwa ubavu ili uso wa maji uwe mpana, na ufunike. Gizani samaki hutulia na kupumua kidogo. Usilifungue njiani kila mara kuangalia. Usiliache kwenye gari lililoegeshwa juani hata kwa dakika kumi. Beba pia ndoo ya maji safi ya mto uliyoyachota sehemu isiyotibuliwa.

Hatua ya 9: Kuingia tangini

Hapa kuna kemia ambayo ukiielewa hutasahau. Ndani ya mfuko uliofungwa, samaki ametoa amonia na kaboni dayoksaidi. Ile kaboni dayoksaidi imeshusha pH, na pH ikiwa chini, amonia nyingi hukaa katika hali isiyo na sumu kali: kwenye pH ya 7 na joto la nyuzi 25, sehemu iliyo sumu ni chini ya asilimia 1. Unapofungua mfuko, kaboni dayoksaidi hutoka, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka kali. Kwenye pH ya 8 sehemu ya sumu ni takriban asilimia 5. Kwa hiyo mfuko uliokaa muda mrefu ukishafunguliwa saa imeanza kuhesabu.

Kama safari ilikuwa ndefu, zaidi ya saa nne au tano: zima taa za chumba, acha mfuko uelee, ukiwa bado umefungwa, juu ya maji ya tangi la karantini kwa dakika 20 ili joto lilingane, kisha ufungue, wachote samaki kwa kikombe na wavu laini, uwatie tangini moja kwa moja. Hili linawezekana tu ikiwa maji ya tangi uliyaandaa yakaribiane na ya mto kwa vipimo ulivyoandika, na hapo ndipo daftari lako linapolipa. Maji ya mfuko usiyamimine tangini.

Kama safari ilikuwa fupi na samaki walikuwa kwenye ndoo yenye hewa, una nafasi ya kuwazoesha polepole. Vuta maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliopigwa fundo, yadondoke ndani ya ndoo matone mawili au matatu kwa sekunde, mpaka maji ya ndoo yawe mara tatu ya yalivyokuwa. Kisha wahamishe. Tofauti ya ugumu wa maji ndiyo inayochosha mwili wa samaki kuliko tofauti ndogo ya pH, kwa hiyo usikimbilie dawa za kubadili pH.

Usiku wa kwanza usiwashe taa na usiwape chakula.

Hatua ya 10: Karantini

Wiki 4 kwa uchache, 6 ni bora. Kila siku pima amonia na nitriti katika wiki mbili za mwanzo. Ikionekana chochote, badilisha robo ya maji, kwa maji yenye joto lilelile.

Chakula ndio mtihani wa kwanza. Samaki wa mtoni hajui kwamba kile kipande kikavu kinachoelea ni chakula. Anza na vilivyo hai: viluwiluwi vya mbu uliowafuga kwenye chombo chako mwenyewe, viroboto wa maji, minyoo midogo. Usivichote mtoni, utaleta vimelea. Samaki wakishazoea kula mbele yako, changanya na chakula kilichogandishwa, halafu chembe za chakula kikavu kilicholoweshwa, ukipunguza kile hai siku hadi siku. Wape kidogo mara mbili au tatu kwa siku. Samaki aliyeanza kuja kioo cha mbele akikuona amevuka sehemu ngumu.

Kuhusu maradhi, tazama zaidi ya unavyotibu. Madoa meupe kama chembe za chumvi mwilini ni Ichthyophthirius. Kimelea hicho kikiwa ndani ya ngozi dawa haikifikii. Hufa kinapoogelea majini kutafuta samaki mwingine, na ndiyo sababu matibabu huendelea siku kadhaa baada ya doa la mwisho kupotea. Kupandisha joto taratibu mpaka nyuzi 28 au 29 huharakisha mzunguko wake, ila ongeza hewa. Nyuzi nyekundu zinazochungulia kwenye tundu la haja ni minyoo ya Camallanus, ambayo hutibiwa kwa levamisoli. Samaki anayejikuna kwenye bomba na kupumua kwa upande mmoja wa matamvua huenda ana minyoo bapa, na hapo prazikwanteli, ileile ya kichocho, ndiyo dawa yake, kwa kipimo cha samaki kilichoandikwa kwenye pakiti. Chumvi isiyo na madini joto, gramu 1 hadi 3 kwa lita, husaidia waliokwaruzika, ingawa Corydoras na samaki wa maji laini uwape kiwango cha chini. Usichanganye dawa mbili kwa kubahatisha.

Wakimaliza muda wao bila dalili kwa wiki mbili za mwisho, wahamishie tangi kubwa jioni, taa zikiwa zimezimwa.

Hatua ya 11: Nyavu, maji machafu na samaki waliozidi

Kabla ya kwenda mto mwingine, safisha nyavu, gambuti na ndoo, kisha zianike juani zikauke kabisa kwa siku kadhaa. Ukungu wa maji unaoitwa Aphanomyces invadans, unaowachimba samaki vidonda virefu, ulithibitishwa katika bonde la Zambezi mwaka 2007, na wavu mbichi unatosha kuubeba.

Samaki aliyewahi kukaa tangini asirudishwe mtoni, hata ule aliotoka. Ameshakutana na vimelea vya samaki wengine, na kama ni wa bonde jingine anaweza kuzaana huko na kula wenyeji. Sangara alipopandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, alichangia kupotea kwa aina nyingi sana za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo. Aliyekushinda mpe mfugaji mwingine mwenye nafasi, ukimwambia alikotoka na lini. Maji ya karantini na ya mifuko yamwage kwenye udongo mkavu, mbali na mtaro unaoelekea mtoni, na mimea iliyonasa kwenye wavu iache ikauke kwanza ndipo uitupe.